Hafla na vikao vya chama cha wahandisi: mtu mgeni anaanzia wapi?

Nondo12 (Mwanza), Jumanne, saa 3:10 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mhandisi ujenzi, huu ni mwaka wangu wa pili tangu nihitimu, na nipo kwenye mafunzo kwa vitendo ya wahandisi wahitimu, ile SEAP ya miaka mitatu. Kazi naipenda. Saa moja asubuhi nimeshafika saiti, najaza ile koni ya chuma tabaka tatu, kila tabaka nashindilia mara ishirini na tano, naivuta juu taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Fomeni akitaka kuongeza maji kwenye mchanganyiko nasimama mbele ya mashine mpaka ayamwage. Huko siogopi mtu.

Ninapoogopa ni kwenye hafla za chama. Ada nalipa kila mwaka na haijawahi kuchelewa. Kwenye kundi la simu kila mwezi kuna tangazo: mkutano mkuu, semina, bonanza, ziara ya saiti, chakula cha jioni. Nasoma, naweka nukta, napita. Nimehudhuria mara moja tu, mwaka jana, hafla ya chakula cha jioni kwenye ukumbi wa hoteli. Sitataja chama wala tawi, maana sikuja kuchafua jina la mtu.

Nilishona gauni la kitenge kwa ajili ya siku ile. Nilipofika mlangoni nikapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, jina langu limeandikwa kimakosa, herufi mbili zimebadilishana. Nikakivaa hivyo hivyo. Ndani meza ni za duara, kila meza ina kibao chenye jina la kampuni, na kampuni yetu ni ndogo, haikununua meza. Nikazunguka ukumbi mzima nikitabasamu kama mtu anayejua anakokwenda, mwisho nikakaa nyuma kabisa na vijana waliokuja kutangaza rangi za nyumba. Baba mmoja aliyevaa suti alinisogelea, nikafurahi kwamba hatimaye mtu anataka kunisalimia. Akaniuliza, "Binti, nyie wa itifaki maji ya kunywa mmeyaweka wapi?" Nikamwonyesha maji yalipo. Hotuba zilipofika saa nne usiku na chakula hakijafunguliwa, nikatoka, nikachukua bajaji nikarudi nyumbani kukaanga mayai.

Msimamizi wangu wa mafunzo kila mara ananiambia, "Nenda kwenye vikao, utakuja kunishukuru." Nikimwuliza nitamshukuru kwa lipi, anasema nitaona mwenyewe.

Naombeni mnisaidie. Mnaohudhuria mnapata nini hasa ambacho siwezi kukipata kwenye vitabu na kazini? Na mtu asiyejua mtu anaanzaje? Tafadhali nijibuni kwa mambo yaliyowatokea. "Utapata koneksheni" nimeshaambiwa sana, na mpaka leo sijui koneksheni inashikwa kwa mkono upi.

---

Mkandarasi_Ruvuma, Jumanne, saa 4:02 usiku

Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta.

Mimi ni mhandisi na nina kampuni ndogo ya ukandarasi, daraja la saba, Songea. Nitakwambia ukweli wangu. Mkutano ukiwa Dar es Salaam au Dodoma, mimi kuhudhuria maana yake ni nauli, malazi ya siku tatu, ada ya ushiriki, na saiti kubaki bila macho yangu. Siku tatu bila macho yangu, saruji inapungua. Kwa hiyo nachagua semina moja kwa mwaka, ile inayonipa pointi za mafunzo endelevu, nasikiliza, nachukua cheti, napanda basi la alfajiri. Hafla ya usiku sijawahi kukaa.

Sisemi walioko kule wanapoteza muda. Ninachosema ni kwamba kwa sisi wa mikoani wenye mitaji midogo, chama kitakuwa chama siku kikao kitakapofanyika Songea, kwenye ukumbi wa kawaida, Jumamosi mchana, ili nifunge kazi saa sita na saa saba niwe nimekaa. Hapo nitakuja hata kama hakuna chai.

Wewe uko Mwanza, mambo mengi yanakufuata hapo hapo. Ningekuwa na nafasi yako ningejaribu tena.

---

Mzee_wa_Mbuga (Shinyanga), Jumatano, saa 12:25 asubuhi

Marahaba, binti yangu.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Kwa niaba ya watu wa umri wangu nakuomba radhi kwa swali lile la maji. Mgeni hukaribishwa kwanza, mengine baadaye, na yule bwana alilelewa hivyo hivyo kama sisi, alijisahau.

Kabla sijakujibu, nitenganishe vitu viwili ambavyo vijana wengi huvichanganya. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ni chombo cha sheria. Ilianza kwa Sheria Namba 49 ya 1968, na sasa inafanya kazi chini ya Sheria Namba 15 ya 1997. Usipoandikishwa huko huruhusiwi kujiita mhandisi ukafanya kazi ya uhandisi. Siku ya Wahandisi kila mwaka, wahandisi wanapokula kiapo mbele ya mgeni rasmi, ni ya Bodi. Chama ni kitu kingine. Taasisi ya Wahandisi, IET, unaingia kwa hiari yako, na vyama vya fani nyingine ni hivyo hivyo. Hakuna askari atakayekufuata usipokuja. Ndiyo maana swali lako ni la haki kabisa: kama silazimishwi, nije kufanya nini?

Nitakusimulia jambo moja tu.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimejenga zahanati ndogo ya vyumba vinne kwenye kijiji kimoja huku Usukumani. Udongo wa huku unaujua, ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Masika unavimba na kunata kwenye tairi. Niliufahamu kwenye vitabu, nilichimba msingi kwenda chini kuliko kawaida, nikaondoa ule mweusi na kujaza changarawe nikashindilia. Nikakabidhi jengo nikiwa na furaha.

Mwaka wa tatu ukatokea ufa kwenye kona ya nyuma. Ulianzia pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari hadi kwenye boriti ya juu. Nikaupima urefu, nikauchora, nikaandika tarehe, nikapiga na picha. Usiku silali. Kichwani nilikuwa nimeshaamua kwamba msingi umekufa, ichimbwe chini ya ukuta wote tuweke msingi mpya, na fedha hiyo wilaya haikuwa nayo. Sikumwambia mtu yeyote. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyewahi kuangusha kona ya nyumba.

Disemba ile tawi letu tulikuwa na mkusanyiko wa kufunga mwaka, nyumbani kwa mwanachama mmoja, chini ya mwembe. Sato wa kukaanga, ugali, michembe na karanga. Hakukuwa na jukwaa wala mgeni rasmi. Nikajikuta nimekaa kwenye benchi na mhandisi mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amweke pema. Akaniuliza mbona sili. Sijui ilikuwaje, nikamweleza.

Hakusema pole. Aliuliza, "Ufa ni mpana juu au chini?"

Mimi niliyepima urefu kwa sentimita, hilo sikuwa nimeliangalia kwa akili. Nikafumba macho nikauona ukuta. Juu kidole kinaingia, chini hata ukucha hauingii. Nikamwambia, juu.

"Kiangazi unapanuka, masika unafumba?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kona inashuka. Kuna mti hapo."

Hakuuliza kama upo. Alisema upo, kama mtu aliyewahi kusimama pale. Na kweli ulikuwepo, mkaratusi mkubwa, kama hatua nane kutoka kwenye kona. Ulikuwa unanywa maji chini ya kona yangu, udongo unakauka, unasinyaa, kona inaufuata. Akachukua kadi ya mwaliko akaigeuza, akachora kwa kalamu: nyumba, mti, mizizi, na mstari wa udongo unaolegea chini ya ukuta. Samaki alikuwa ameacha tone la mafuta kwenye ile kadi, mpaka leo lipo, maana kadi ninayo.

Nikainuka kwa nguvu nikamwambia kesho alfajiri ule mti nauangusha. Akanishika mkono akanikalisha. "Usiukate. Ukiukata leo, udongo uliokauka miaka yote hiyo utaanza kunywa maji ya mvua bila mnywaji mwingine. Utavimba. Kona iliyoshuka itapanda, na itapanda isivyo sawa."

Halafu akanieleza alijuaje. Yeye aliwahi kuukata. Ilikuwa nyumba ya mwalimu. Baada ya masika mbili sakafu ya chumba kimoja ilinyanyuka kama mgongo wa kobe na milango ikagoma kufunguka. Taarifa yake ya kazi ile, kwenye jalada, ilisema "ukarabati umekamilika". Hilo la mgongo wa kobe hakuliandika popote, na nilivyomwelewa mimi nilikuwa mmoja wa watu wachache aliowahi kuwaambia.

Nilifanya alivyonielekeza. Tulichimba mtaro mwembamba kati ya mti na jengo, wenye kina cha mtu aliyesimama, tukatia karatasi nzito ya plastiki kuzuia mizizi, tukarudishia. Matawi tukapunguza kidogo kidogo kila mwaka. Tukaweka mifereji ya paa iliyokuwa haipo, na kibaraza cha zege kuzunguka jengo kikiinamia nje, ili udongo wa chini ya ukuta usiwe leo bwawa kesho jangwa. Kwenye ufa tukagandisha vipande vya kioo kwa plasta: ukuta ukitembea hata kidogo, kioo kinavunjika. Vioo vilikaa miaka miwili vizima. Hapo ndipo nikaziba ufa na kupaka rangi. Zahanati ipo hadi leo na inatibu watu.

Ndicho ninachokipata kwenye vikao, mwanangu. Kwenye vitabu na taarifa tunaandika kilichosimama. Kilichoanguka tunakisimulia tukiwa tumekaa, tena kwa mtu tuliyemwona uso, tukashiriki naye sahani. Hakuna mhandisi atakayekupigia simu akwambie alikosea wapi. Lakini mpe benchi, mpe samaki, mpe mtu wa kumsikiliza, atakwambia.

Sasa mtu anaanzaje. Usianze na hafla ya usiku yenye meza za makampuni, ile ni ya watu wanaojuana tayari. Anza na ziara ya saiti. Kwenye ziara kila mtu amevaa buti na kofia ngumu, hakuna wa itifaki, na mdomo unafunguka wenyewe kwa sababu mbele yenu kuna kitu cha kuuliza. Mimi nilipokwenda na wenzangu kulitazama daraja la Kigongo–Busisi likijengwa, kabla halijafunguliwa Juni 2025, nilisimama karibu na kijana wa umeme nisiyemjua. Yeye akiuliza nyaya za taa zitapita wapi kwenye kilomita tatu za daraja juu ya ziwa, mimi nikimweleza nguzo zinavyosimikwa kwenye kitako cha ziwa. Tuliporudi kwenye basi tulikaa kiti kimoja. Mwezi uliofuata alikuja kunikagulia waya za nyumba yangu na alikataa hela.

La pili, omba kazi. Fika nusu saa kabla, uliza meza ya uandikishaji iko wapi, ukae hapo. Mtu mwenye daftari mkononi hana haja ya kutafuta la kusema.

Na kuna jambo ambalo matangazo ya kwenye simu hayalisemi. Mwaka 2011 nilifiwa na mke wangu. Wanachama sita wa tawi letu walilala kwenye turubai uani kwangu usiku wa kwanza hadi siku ya mazishi. Mmoja wao alikuwa amegombana nami vibaya kwenye kikao cha mwezi uliotangulia, juu ya fedha za tawi. Alikuja na jenereta lake.

---

Pete_Edmonton, Jumatano, saa 9:48 alasiri

Salaam kutoka Edmonton, Kanada. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilikuja kusoma nikabaki.

Mzee ametaja kiapo, nami nimekumbuka cha huku. Wanaohitimu uhandisi huku hualikwa kwenye sherehe ya kula ahadi, na mwisho unavishwa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono unaoandikia. Sherehe ya kwanza ilikuwa Montreal mwaka 1925. Haina waandishi wa habari, inafanywa faraghani, na wanaokuvisha ni wahandisi waliokutangulia.

Kidole kile kimechaguliwa kwa sababu. Unapoandika au kutia sahihi mchoro, pete inagusa karatasi kabla ya sahihi kukamilika. Ikiwa mpya ina kingo zenye pembepembe, zinakwaruza kidogo. Kadiri miaka inavyokwenda zinalainika. Ya kwangu ina miaka kumi na minne na pembe bado nazihisi kwa kidole gumba.

Dada Nondo12, nilipofika hapa sikujua mtu hata mmoja, na Kiingereza changu kilikuwa kizito mdomoni. Mwezi wa kwanza kazini nilipanda lifti na mama mmoja mzee wa kizungu, akaiona pete, akainua mkono wake akanionyesha yake, imelainika kabisa kama kokoto ya mtoni. Akaniuliza nimehitimu mwaka gani, nikamjibu. Akanialika kikao cha mchana cha wahandisi wa miundo, mkate na supu tu. Nilikwenda kwa sababu yake, na ofisi niliyomo leo nilielekezwa na mtu niliyekaa naye siku hiyo.

Nakuombea umpate mtu wako wa lifti. Na ukishakuwa mkubwa, mwangalie anayezunguka ukumbi akitabasamu.

---

Mwalimu_wa_Miundo (Dar es Salaam), Alhamisi, saa 2:15 usiku

Nimesita kuingia kwa kuwa Mzee wa Mbuga amesema yaliyo mazito. Ila nafundisha vijana wa umri wako kila siku, na nataka ujue kwamba chakula na uhandisi vina undugu wa zamani sana.

Mwaka 1771 huko London, John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, na wenzake wachache walianzisha chama chao kwenye nyumba ya kulia na kunywa eneo la Holborn. Enzi zile mifereji ya mashua ilikuwa inachimbwa Uingereza nzima, na kila mfereji ulihitaji idhini ya Bunge. Wahandisi walikuwa wakikutana Bungeni wakitoa ushahidi wa kupingana, huyu analipwa na upande huu, yule na upande ule. Wakaona si vizuri watu wa kazi moja kujuana kwa kupingana tu. Wakawa wanakula pamoja jioni katika vipindi vya Bunge. Chama kile kipo hadi leo.

Lakini mimi napenda zaidi kisa cha pili. Tarehe 2 Januari 1818, vijana wachache walikutana kwenye mgahawa wa kahawa wa Kendal, mtaa wa Fleet. Aliyewaita aliitwa Henry Robinson Palmer. Hawakuwa na jina wala fedha. Walitaka mahali ambapo anayejifunza kazi anaweza kumwuliza mwenzake. Miaka miwili ya mwanzo chama kilikuwa kinasuasua, mpaka mwaka 1820 walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mkubwa wa barabara na madaraja, awe rais wao, akakubali. Mwaka 1828 kikapata hati ya kifalme. Ndicho chama cha wahandisi ujenzi cha Uingereza ambacho vingi vya kwetu vimeiga utaratibu wake.

Angalia nani alianza. Vijana ndio walioweka meza, mkubwa akaja baadaye kwa kuitwa. Kwa hiyo ndugu yangu wa Songea, hicho kikao cha Jumamosi saa saba usikisubiri kutoka Dar. Wahandisi wa halmashauri, wa maji, wa barabara, wa umeme wapo hapo hapo mjini. Waite. Watano wanatosha. Mzungumzaji wa kwanza uwe wewe, utueleze namna saruji inavyopungua.

Na wewe binti, IET ina kitengo cha wanawake. Waulize wa kanda yenu. Wengi wao wameulizwa maji yako wapi, watakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

---

Mkandarasi_Ruvuma, Alhamisi, saa 3:30 usiku

Mwalimu, umenipata. Wa maji na wa barabara ninawajua wote wawili, na hatujawahi kukaa pamoja isipokuwa kwenye kikao cha kugombana kuhusu bomba lililokatwa na greda. Nitawapigia.

---

Nondo12 (Mwanza), wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 1:20 jioni

Wakubwa zangu, shikamooni tena. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kurudi na habari.

Jana nilikwenda kwenye ziara ya tawi, ujenzi wa tangi la maji kwenye kilima kimoja hapa mjini. Nilifika saa moja na dakika ishirini, ziara inaanza saa mbili. Nikamwambia katibu, "Nimekuja kusaidia kuandikisha." Akanipa daftari, kalamu ya wino mzito na kadi za majina, akaondoka kwa furaha kwenda kushughulikia basi.

Nikaandika majina arobaini na moja. Kila aliyekuja nilimwuliza, "Jina lako linaandikwaje?" Wengi walishangaa kidogo, wakalitaja herufi kwa herufi. Mzee mmoja alisema tangu aanze kuhudhuria kadi yake huandikwa bila ile "h" ya katikati, na leo ndiyo siku ya kwanza imewekwa. Alinisimulia hilo kwenye basi pia, na kwenye chai.

Kufikia saa mbili nilikuwa nimesalimiana na kila mtu. Sikuwahi kufikiri ingekuwa rahisi hivyo.

Pale juu kilimani mkandarasi alitueleza jinsi wanavyomwaga zege la ukuta wa tangi bila kusimama, na ule ukanda wa mpira unaowekwa kwenye kiungio ili maji yasipite. Niliuliza swali. Sauti ilitetemeka neno la kwanza tu. Niliuliza wanafanyaje zege lisiache mapengo chini ya ule ukanda, mahali ambapo kitetemeshi hakifiki vizuri. Mhandisi wa saiti akanyamaza kidogo, akasema hilo ndilo lililowasumbua kwenye tangi la kwanza, wakabomoa kipande cha mita mbili. Halafu akatuchukua upande wa pili akatuonyesha kipande chenyewe kilichobomolewa, wamekihifadhi chini ya turubai kwa ajili ya kuwafundishia mafundi. Nilitia kidole kwenye pengo. Mzee wa Mbuga, nilikukumbuka pale.

Kurudi nilikaa na mama mmoja mhandisi wa umeme. Amesema nisirudi kwenye hafla ya chakula peke yangu, mwaka huu tutakwenda wanne, na tutachanga tununue meza yetu wenyewe, kibao tutaandika majina yetu. Gauni la kitenge bado lipo.

Msimamizi wangu nimeshamshukuru. Alicheka sana.

Sasa nina jambo, naomba nilitoe hapa kwa sababu kwenye taarifa sijui niliandikeje. Kuna nyumba ya mtumishi tuliyoikabidhi mwaka jana, nje kidogo ya mji, kwenye mbuga. Wiki hii nimeitwa, ina ufa kwenye kona ya jikoni. Kabla sijafanya lolote niliangalia kwanza kama ulivyoulizwa wewe. Juu ni mwembamba, karibu hauonekani. Chini ndiyo mpana. Mti hakuna, nimezunguka nyumba nzima mara tatu.

---

Mzee_wa_Mbuga (Shinyanga), Jumapili, saa 1:52 jioni

Chini? Na mti hakuna?

Basi kona haishuki, inapanda. Udongo wa hapo unakunywa maji kutoka mahali. Umesema ni jikoni: anza na bomba la maji machafu linalotoka kwenye sinki, fukua taratibu mpaka kwenye chemba ya kwanza, halafu angalia bomba la maji safi upande huo huo. Usiku funga koki zote za nyumba, soma mita, kisha uisome tena alfajiri. Ufa usiuzibe bado. Gandisha vioo viwili, kimoja juu kimoja chini, na uandike tarehe kwenye plasta ikiwa mbichi.

Namba yangu nakutumia faraghani. Jumamosi nina safari ya Mwanza, nitapita tuitazame wote. Yule mama wa umeme naye mwambie aje, na mimi naleta ile kadi.